Punda Waliyemfufua

Mpaka leo nikimwona mnyama wa katuni anacheka kwa meno ya binadamu, mate yananijaa mdomoni, yale mate ya mtu aliye karibu kutapika. Watu wa nyumbani wananijua. Wakisikia naingia sebuleni wanabadilisha stesheni, na watoto wa majirani wamekua wakiambiwa kwamba bibi yule hapendi katuni. Si kweli. Nachukia moja tu. Nyingine zinapata hasara kwa sababu zinafanana nayo.

Kabla ya katuni kulikuwa na filamu, na kabla sijasema ubaya wa katuni ni lazima niseme uzuri wa filamu.

Mdogo wangu aliolewa mjini Dodoma na fundi redio mwenye banda lake Kizota. Shemeji yangu huyo ni wa zile familia za Waislamu wa mjini ambao mababu zao walifika na misafara ya biashara wakakaa. Nusu ya shangazi zake walikuwa bado Tabora. Sisi ni Warangi wa Busi, wakulima. Mimi nilikuwa nimetangulia kuja mjini, nikapata kazi ya upishi shuleni na chumba cha kupanga Mkonze, na mume wangu alipofariki nilibaki palepale. Sikujaliwa mtoto. Niliishia darasa la saba. Mdogo wangu alifika kidato cha pili, na nyumbani tulimhesabu kuwa msomi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Vitu ambavyo zamani tulivisikia tu vilianza kupangwa barabarani juu ya maturubai: ndoo za plastiki za kila rangi, mitumba, saa, redio kubwa mfano wa masanduku. Banda la shemeji likabadilika nalo. Redio zikawa chache, deki za video zikawa nyingi, na siku moja akaja nyumbani na deki aliyosema ni ya kujaribia. Ilijaribiwa mpaka ikawa ya kwake. Pamoja nayo alileta kanda ambayo mteja fulani aliiacha bandani asirudi kuichukua. Ndiyo hiyo filamu.

Ilikuwa hadithi ya msichana wa nchi za baridi na punda wao mzee aliyebeba madebe ya maziwa. Baba wa kambo anataka kumuuza punda kwa wachinjaji. Msichana anatoroka naye alfajiri, wanapanda milima, wanapitia kwa watu wema na watu wabaya, na mwishoni punda anachoka, analala kwenye theluji, anakufa. Msichana anavua koti lake anamfunika. Halafu anarudi nyumbani kwa miguu, peke yake, bila koti. Basi. Hakuna muujiza.

Sijui huko ilikotengenezwa waliipokeaje. Kwetu iliingia kama maji kwenye mchanga, kwa sababu punda tunawajua. Tumewapakia maji, mahindi, matofali. Baba yangu alipokuja mjini na mama kutibiwa macho aliitazama mwanzo mpaka mwisho akiwa amekaa kwenye ncha ya kiti, na punda alipokufa alisema wazungu wale hawajui kazi, mzigo waliufunga mbele mno tangu mwanzo, mabega ya mnyama yasingeweza kuhimili. Mama alimwambia anyamaze. Mama mwenyewe alikuwa anajifuta kwa upindo wa kanga akilalamikia moshi, na jiko siku hiyo lilikuwa halijawashwa.

Mdogo wangu ndiye aliyetutafsiria. Alikaa mkekani karibu na televisheni, mtoto wake mapajani, akageuza Kiingereza kuwa Kiswahili, na kwa mama akaongeza Kirangi. Alikuwa na sauti ya kila mtu: baba wa kambo alimpa sauti nzito ya balozi wetu wa nyumba kumi, mwenye duka alimfanya ajibu kama dada mmoja mjeuri wa sokoni Majengo. Punda hakuwa na sauti, kwa sababu kwenye filamu ile punda alikuwa punda. Ilipofika pale penye theluji, mdogo wangu aliacha kusema. Aliacha tu, mpaka msichana afike nyumbani kwao. Nilimuuliza siku moja mbona hapo hatafsiri, akanijibu, "Dada, hapo kuna nini cha kutafsiri?"

Tuliitazama mara nyingi kiasi kwamba kanda ilianza kuonyesha mistari.

Mwaka uliofuata mdogo wangu alikwenda Busi kusaidia mavuno, akamwacha mtoto kwa baba yake kwa kuwa alikuwa ameanza chuo cha Kurani na mwalimu hakupenda watoro. Huko Busi akapata homa. Ilimchukua haraka. Alizikwa siku ileile, kama ilivyo kwetu, na mimi nilifika udongo ukiwa bado mbichi, wanaume wakirudi na majembe. Wanawake hatukuwa tumeandamana na jeneza, kwetu hatuandamani. Kwa hiyo hata mimi niliyefika siku ya maziko sikuona kitu. Niliona watu wanarudi.

Niliporudi Dodoma baada ya matanga nilikuta mtoto ameshaambiwa. Ameambiwa mama amesafiri. Hili ni jambo la watu wetu, wa shamba na wa mjini, sote: mtoto mdogo haambiwi kifo, anaambiwa safari. Shangazi za shemeji walikuwa wamekuja kutoka Tabora kwa ajili ya msiba, na kwa kuwa Tabora ndiyo iliyokuwa midomoni mwao, wakasema mama amekwenda Tabora. Hakuna aliyekaa kufikiri kwamba mtu anayetoka Busi kwenda Tabora kwa treni hupandia Dodoma. Kwa uongo wao, mdogo wangu alikuwa amepita mjini, hatua chache kutoka nyumbani kwake, asiingie kumwona mwanawe. Mtoto alilifikiria hilo. Aliniuliza kama mama alikuwa amekasirika.

Siku moja nilimchukua kwangu Mkonze. Tulikaa kwenye mkeka tukichambua mchele, nikamwambia.

"Unamkumbuka yule punda?"

Akasema anamkumbuka.

"Alifanya nini mwishoni?"

"Alikufa."

"Mama yako naye amekufa. Hakwenda Tabora. Hakukasirika. Aliugua Busi akafa."

Alichambua punje nyingi kabla ya kuuliza nani alimfunika. Nikamwambia alifunikwa sanda nyeupe, kisha udongo, na babu yake alikuwepo. Ndipo akalia. Alilia vizuri, kwa kilio chenye mwanzo na mwisho, akala, akalala kifuani kwangu. Kwa miezi mingi hakutaja tena Tabora. Akisikia treni inapiga honi hakuinua kichwa.

Shemeji hakufurahi. Ni mtu mpole, hajawahi kunipandishia sauti, ila aliniambia mtoto ni mdogo mno kwa neno zito kama hilo. Yeye mwenyewe hakuwa amelitamka. Nilimsikiliza miezi yote ile: alisema "mwenzangu alipoondoka", alisema "tangu kutokee lile jambo", alisema "ilipokuwa mapenzi ya Mungu". Amekufa hakusema.

Kisha televisheni ikaanza kupata matangazo. Zamani ilikuwa sanduku la kuonyeshea kanda tu. Sasa vituo vya Dar es Salaam vikawa vinafika, na shemeji akasimamisha antena kwenye bomba refu uani, akiizungusha huku mtu akimpigia kelele kutoka ndani kwamba hapo, hapana, rudisha. Nyumba ikajaa watoto wa mtaa mzima. Na Jumamosi mchana, baada ya chuo, ikawa saa ya katuni.

Siku niliyoiona kwa mara ya kwanza nilikuwa nimewapelekea maboga. Nikasikia jina la punda wetu linaimbwa. Nikasimama mlangoni. Punda alikuwa yuleyule: kijivu, mguu mmoja mweupe, kengele ileile shingoni. Msichana alikuwa na skafu yake nyekundu. Shemeji akanieleza kwamba huko kwa wazungu filamu ikipendwa sana, wenye mali huitengenezea katuni za televisheni ili wasiipoteze. Alisema kwa heshima ya fundi anayemsifu fundi mwingine.

Nitasema nilichokiona. Punda yule mzee, aliyelala kwenye theluji pua ikitoa mvuke mpaka mvuke ukaisha, alikuwa amesimama kwa miguu miwili. Alivaa miwani ya jua. Alikuwa na kope ndefu na meno mengi, na alisema. Alisema bila kupumzika, kwa sauti ya mlevi anayejipendekeza. Alijamba, na wingu la kijani likatoka, na watu wasioonekana wakacheka. Baba wa kambo, yule tuliyemwogopa, alikuwa bwege mnene anayeteleza kwenye maganda ya ndizi. Msichana alikuwa amekondeshwa kiuno na kukuzwa macho, akicheza dansi. Wakamdondosha punda kutoka mlimani akasambaa chini kama chapati, halafu akajipuliza, akarudi mzima, akakonyeza jicho. Halafu likaja tangazo la biskuti, na kwenye pakiti yupo yeye.

Nimeona mengi machafu katika maisha. Nimeosha maiti. Sijawahi kuona uchafu kama ule. Mtu akichimbua kaburi usiku ili akauze sanda, tunamwita mchawi na tunamfukuza kijijini. Hawa walifukua mchana, wakamvika maiti miwani, wakamchezesha ngoma mbele ya watoto, na sisi tuliinua antena juu zaidi ili tuwaone vizuri.

Watoto walikuwa wanacheka, sikatai. Hata mimi lile la maganda ya ndizi lilitaka kunichekesha. Nilipogeuka kumtazama mtoto wetu, hakuwa anacheka. Alikuwa amekaa wima, mikono magotini, macho yanang'aa.

"Mama Mkubwa," akaniambia taratibu, "amerudi."

Nikamwambia yule ni wa kuchorwa. Akaitikia kwa adabu, kama mtoto anavyomwitikia mkubwa asiyeelewa mambo.

Baada ya hapo alianza kuuliza mambo ya treni. Hakuniuliza mimi, aliwauliza vijana wa bandani kwa baba yake. Treni ya kutoka Tabora inafika lini, inasimama wapi, watu wa Tabora wanashukia upande gani. Chuoni aliwaambia wenzake kwamba mama yake yuko njiani. Mwalimu wa chuo alinieleza tulipokutana sokoni, akidhani kweli tuna mgeni. Shemeji alikuwa anajua. Alisema anaona mtoto amechangamka, anakula, amepata furaha. Alimnunulia fulana yenye picha ya punda wa miwani, maana zilikuwa zimeshajaa Majengo, fulana, mabegi, mpaka kandambili.

Jumamosi moja katuni ilianza na mtoto hakuwepo. Tulidhani yuko kwa jirani. Ilipokwisha, watoto wakatawanyika, bado hayupo. Shemeji alikimbilia bandani, majirani wakashika njia za chuo na sokoni, mimi miguu ilinipeleka stesheni bila kuniuliza.

Nilimkuta kwenye jukwaa la treni, amekaa juu ya gunia la karanga la mama mmoja mchuuzi. Jukwaa lilikuwa tupu. Amevaa ile fulana, na mapajani amepakata ndala za mama yake, zile za nyumbani, za bluu, zilizolika kisigino.

"Ni wako huyu?" yule mama akaniuliza. "Anasema anampokea mama yake. Nimemwambia treni imeshapita, mjukuu wangu, nenda nyumbani. Ananiambia labda yuko behewa la nyuma."

Nilimuuliza mtoto ndala za nini. Akasema mama aliondoka na viatu vya kufunga, na kutoka Tabora ni mbali, miguu itakuwa imemvimba.

Nilimbeba mgongoni ingawa alikuwa mkubwa wa kutembea.  Nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yake.

Nyumbani nilimsubiri shemeji anywe maji, kisha nikamwambia mbele ya uso wake kwamba mimi nilishamwambia mtoto ukweli na ukweli wangu umeshindwa na kisanduku chake. Sasa aseme yeye.

"Ni katuni tu, shemeji."

"Mwambie wewe."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba mkeo amekufa."

Alitazama pembeni. Akasema ile filamu ilikuwa inaliza kila mtu, hii inachekesha; kwa mtoto aliyefiwa kipi bora? Akasema acha akue kwanza. Sikuwa na jibu la msomi. Nilichoweza kumwambia ni kwamba mtoto anayelia atachoka kulia, ila anayesubiri hachoki, na kwamba binti yake atakuwa mwanamke mzima akiwa bado yuko kwenye lile jukwaa.

Akasema hataki ugomvi. Nikaomba ruhusa ya kumpeleka mtoto Busi kuzuru kaburi. Shangazi mmoja aliyekuwepo akasema wanawake na makaburi wapi na wapi. Shemeji akasema nendeni, lakini yeye ana kazi.

Tulikwenda. Nilitaka kumbadilisha mtoto ile fulana asubuhi ya kwenda kaburini, akaishika kwa mikono miwili, nikaacha. Kwa hiyo alikwenda kwa mama yake na yule mnyama kifuani, anacheka kwa meno yake yote. Baba yangu, ambaye hakuwa na habari za televisheni, alimtazama punda yule akauliza ni mnyama gani. Mtoto akamwambia ni punda. Mzee akasema, "Hapana."

Alitutangulia yeye mwenyewe, na majirani waliotaka kusema kitu walimwona ametangulia wakanyamaza. Kaburi lilikuwa limeshuka kwa mvua. Jiwe kichwani, jiwe miguuni, matawi ya miiba juu yake ili mbuzi wasipite. Baba alisoma dua, tukaitikia amina. Mtoto alizunguka kaburi, akaliangalia kutoka kila upande, kama mtu anayetafuta mlango. Aliuliza jambo moja tu, na alimuuliza babu yake, si mimi: kama udongo ule wote ulimwagwa juu yake. Mzee akasema ndiyo, na mimi nilimwaga. Hakulia. Tuliporudi Dodoma sikujua kama nimemsaidia au nimemuumiza bure. Shangazi alikuwa na hakika kwamba nimemuumiza.

Jumamosi iliyofuata nilikuwepo. Wenzake wakamwita dirishani kwamba punda anaanza. Aliingia, akakaa mahali pake. Mimi nilikaa mlangoni nikichambua mchicha, mgongo wangu kwenye fremu, nikijilazimisha kutazama. Shemeji alikuwa uani na antena. Siku hiyo walimtupa punda chini ya gari moshi. Gari likampitia, likamwacha bapa kwenye reli, na watoto wote wakaanza kucheka kwa sababu walijua kinachofuata. Akajipuliza. Akainuka. Akakonyeza.

Mtoto wetu akapiga ukelele. Hakuwa amegombana na mtu. Alilia kwa kinywa wazi, katikati ya vicheko, akitazama kioo, na watoto wengine wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Nilimwaga mchicha nikanyanyuka. Baba yake alinipita mlangoni, mikono ina vumbi la bomba, akapiga magoti mbele yake, akauliza nani kakupiga, nani kakufanya nini.

"Mama haamki," mtoto akasema. "Huyu anaamka kila siku. Mama haamki."

Shemeji alimshika mabega. Niliona midomo yake inatafuta lile neno lake, ondoka, safiri, jambo, mapenzi ya Mungu. Alinitazama mimi. Sikumsaidia.

"Mama amekufa, mwanangu," akasema. "Amekufa. Hatarudi."

Akalirudia, sasa kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe, na ndipo naye alipolia, mara ya kwanza mbele yangu tangu msiba. Mtoto alimkumbatia shingoni. Watoto wa jirani wakatoka kwa kunyata, mmoja akiwa amevua kofia yake ya chuo bila kujua kwa nini. Hakuna aliyekumbuka kuizima televisheni. Iliendelea kuimba pale pembeni, ikatuuzia biskuti.